Ukienda Ahr, tazama miteremko kwanza

Mto Ahr una kilomita 85 tu. Unatoka Blankenheim, kwenye vilima vya Eifel magharibi mwa Ujerumani, na unaingia mto Rhine kati ya Sinzig na Kripp, kitongoji cha mji wa Remagen. Majira ya joto yakiwa makavu, kuna sehemu nyingi ambapo mtu mzima anauvuka kwa kukunja suruali hadi magotini. Ndiyo maana ni rahisi kuuona kama pambo tu. Wageni wengi huja kwa ajili ya mvinyo mwekundu na ukuta wa mji wa Ahrweiler, wakapiga picha darajani, wakaondoka.

Mimi ningeshauri uinue macho kwanza utazame miteremko. Kuanzia Altenahr hadi Walporzheim bonde ni jembamba, kuta zake zinapanda wima kiasi cha kukatisha pumzi, na mwamba wake mkubwa ni sleti, lile jiwe la kijivu-cheusi linalobanduka vipande bapa. Mambo hayo matatu, wembamba, mwinuko na sleti, ndiyo yanayoivisha zabibu nyekundu kaskazini kiasi ambacho kwa kawaida ingekuwa vigumu. Na ni hayo hayo yanayoichukua mvua kubwa na kuimwaga yote chini kwa saa chache. Huwezi kuupenda upande mmoja wa Ahr bila kuujua wa pili.

Tuanze juu. Chanzo cha mto kiko ndani ya nyumba. Katikati ya Blankenheim kuna nyumba ya fremu za mbao, ya mwaka 1726, na chemchemi inabubujika kwenye chumba chake cha chini kisha inatoka nje kuelekea barabarani. Hapo ni kama mita 470 juu ya usawa wa bahari. Mlangoni mwa mto ni mita 50 na ushei. Ukigawanya, mto unashuka wastani wa mita 5 kwa kila kilomita, mteremko mkubwa kwa mto wenye miji kandokando yake.

Kilomita kama 18 za kwanza ziko katika jimbo la Nordrhein-Westfalen, zilizobaki ziko Rheinland-Pfalz. Mpaka huu hauonekani kwa macho, lakini msafiri anaugundua kwenye nauli, maana kila upande una shirika lake la tiketi za usafiri. Mwenye tiketi ya mwezi ya Ujerumani nzima, Deutschlandticket, hapati shida hiyo kwenye treni za mkoa na mabasi. Jambo jingine la kujua: stesheni inayoitwa Blankenheim (Wald), kwenye reli ya Köln kwenda Trier, iko msituni kama jina lake linavyosema, kilomita kadhaa kutoka mjini. Hakikisha saa za basi kabla hujashuka, hasa Jumapili.

Sehemu ya juu ina mawe ya chokaa, malisho na vijiji vidogo: Ahrhütte, ambacho jina lake limebaki kutoka enzi za kuyeyusha chuma, kisha Ahrdorf, Müsch, Antweiler, Schuld. Mizabibu hakuna. Watu wengi hawafiki huku, na nadhani wanakosa nusu ya maelezo, kwa sababu ndiko vijito vinakoingia. Müsch unapokea Trierbach. Dümpelfeld unapokea Adenauer Bach, unaotoka upande wa milima yenye uwanja wa mbio za magari wa Nürburgring. Ahrbrück kuna Kesselinger Bach, na Kreuzberg kuna Sahrbach na Vischelbach. Kila kimoja kina bonde lake jembamba lenye mteremko wake mkali. Mvua ikinyesha juu ya mabonde haya yote kwa pamoja, mafuriko ya kila kijito hukutana na ya mwenzake karibu kwa wakati mmoja, na mahali pa kukutania ni Altenahr.

Altenahr penyewe kuna magofu ya ngome ya Are, iliyojengwa karibu mwaka 1100, na chini yake mto unapinda kama nyoka. Pinda kubwa kuliko zote ni Langfigtal, ambayo sasa ni hifadhi ya mazingira. Mto unazunguka jabali zima, wakati barabara, tangu mwaka 1834, inapita katikati ya jabali kwa handaki fupi. Ukitaka kuelewa kazi ya maji, tembea kuufuata mto ukizunguka Langfigtal, halafu urudi kwa kupitia handaki. Utashangaa jinsi mwendo mrefu ulioutembea unavyokatwa kwa hatua chache.

Kutoka hapa kwenda chini ndiko mvinyo uliko. Mashamba yote ya Ahr ni hekta 500 na ushei, moja ya maeneo madogo kabisa kati ya maeneo 13 ya mvinyo Ujerumani, na karibu asilimia 80 ya mizabibu ni ya mvinyo mwekundu, jambo lisilo la kawaida nchini humo. Mfalme wa bonde ni Spätburgunder, zabibu ambayo Wafaransa huiita Pinot Noir. Ndugu yake Frühburgunder huiva takriban wiki mbili mapema, ina punje ndogo na mavuno machache, na kwa hiyo bei yake huwa juu. Ukiikuta, ijaribu, ni maeneo machache sana yanayoilima.

Inawezekanaje kaskazini hivyo? Mashamba mazuri yako upande wa kaskazini wa mto, yakitazama kusini, kwa hiyo jua linayapiga karibu kwa pembe mraba. Sleti nyeusi inameza joto mchana na kulirudisha usiku, na kuta za mawe zinazoshikilia matuta ya mizabibu nazo zinafanya hivyo hivyo. Wembamba wa bonde unazuia upepo baridi wa Eifel. Bei ya neema hiyo ni jasho. Mashine hazipandi kwenye matuta haya, kwa hiyo kupogoa wakati wa baridi, kufunga matawi, kupunguza majani na kuvuna vyote ni vya mikono. Kinachoharibu zaidi Spätburgunder ni kuoza. Kishada chake kimebanana. Mvua ikinyesha wiki za mwisho kabla ya mavuno, punje zinavimba, zinasukumana, zinapasuka, na ukungu unaingilia hapo. Ndiyo sababu wakulima wanapunguza majani kuzunguka vishada ili hewa ipite, na wengine hukata nusu ya kishada kikiwa bado kibichi ili kilichobaki kipate nafasi.

Simama karibu na ukuta mmoja wa tuta uuchunguze. Umejengwa bila saruji. Chini kuna mawe makubwa, juu madogo, na ukuta mzima umeegemea mlima kidogo, haukusimama wima. Hapa na pale utaona ncha ya jiwe refu; jiwe hilo limelazwa kuingia ndani ya mlima, nalo ndilo linaloufunga uso wa ukuta na kifusi cha nyuma. Nyuma kuna mawe madogo madogo, yaani njia ya maji. Ukuta wa namna hii unatakiwa uvuje. Anayeziba nyufa kwa saruji ili ukuta "uimarike" anaufungia maji nyuma yake. Majira ya baridi yanaganda, yanapanuka, na ukuta unatoka tumbo. Ukiona tumbo hilo, ujue kuanguka ni suala la muda. Tafadhali usipande wala usikalie kuta hizi. Jiwe moja la juu likitoka, yanayofuata huanza kulegea.

Kusoma lebo ya chupa ni rahisi ukishajua siri moja: jina la kijiji likiongezwa "-er" lina maana ya "wa" mahali hapo. Walporzheimer Kräuterberg ni mvinyo wa shamba la Kräuterberg la Walporzheim. Dernauer Pfarrwingert ni wa Pfarrwingert la Dernau. Recher Herrenberg, wa Rech. Kadiri unavyopanda kwenda Altenahr sleti inatawala; ukipita jabali linaloitwa Bunte Kuh pale Walporzheim bonde linafunguka, udongo unakuwa mzito zaidi, na mvinyo unakuwa laini zaidi. Mayschoß kuna chama cha ushirika cha wakulima wa mvinyo kilichoanzishwa mwaka 1868, kinachotambuliwa kuwa cha kale kuliko vyote duniani katika fani hiyo. Wakulima walikiunda kwa sababu kila mmoja peke yake hakuwa na uwezo wa kubishana bei na wafanyabiashara.

Njia ya kutembea mashambani inaitwa Rotweinwanderweg. Ina kilomita 35 hivi kati ya Bad Bodendorf na Altenahr, na alama yake ni kishada chekundu kwenye kibao cheupe. Igawe kwa siku mbili au tatu, Ahrweiler pakiwa mahali pazuri pa kulala. Njia inapita juu, katikati ya mizabibu, na inashuka kijijini pale utakapotaka mwenyewe. Kivuli ni kidogo na miteremko inatazama jua, kwa hiyo Julai na Agosti anza mapema na beba maji. Sleti iliyolowa huteleza vibaya, hivyo kiatu chenye soli laini hakifai. Wikendi za Septemba na Oktoba njia inajaa watu. Katikati ya wiki ni tulivu, na utawaona wavunaji wakiwa kazini. Ukipenda urefu zaidi kuna AhrSteig, inayofuata bonde kutoka Blankenheim hadi Sinzig kupitia misituni.

Ahrweiler una ukuta wa Enzi za Kati uliokamilika, na malango manne: Ahrtor, Niedertor, Obertor na Adenbachtor. Ujenzi wa kanisa la Laurentius ulianza mwaka 1269. Nje kidogo ya mji, mwaka 1980, wajenzi wa barabara waligonga mabaki ya nyumba ya kifahari ya Kirumi ambayo ilifukiwa na udongo wa mlimani. Kuta zake zimehifadhiwa ndani ya jengo la makumbusho. Na juu ya mji, ndani ya mlima, kuna handaki la serikali ya Ujerumani Magharibi: kilomita 17.3 za njia za chini kwa chini, zilizojengwa kati ya 1960 na 1972 ndani ya mahandaki ya reli ambayo haikuwahi kupitisha treni hata moja. Lilikusudiwa watu 3,000 kwa siku 30 vita vya nyuklia vikitokea. Sehemu kubwa imebomolewa. Kipande kifupi ni makumbusho tangu 2008, na huingii bila mwongozaji. Ndani ni baridi hata Agosti, kwa hiyo beba koti.

Bad Neuenahr, mwenzake Ahrweiler katika mji mmoja tangu 1969, ni mji wa maji ya madini. Mwaka 1852 Georg Kreuzberg aligundua chini ya shamba lake la mizabibu chemchemi ambayo aliiita Apollinaris. Nafika haraka kwenye jambo zito.

Usiku wa tarehe 14 kuamkia 15 Julai 2021, watu zaidi ya 130 walikufa katika bonde hili. Fanya hesabu moja nami. Pale Altenahr mto umeshakusanya maji ya eneo la kilomita za mraba 750 hivi. Milimita 100 za mvua maana yake ni lita 100 kwa kila mita ya mraba, na siku ile sehemu nyingi zilipata kiasi hicho au zaidi. Zidisha: mita za ujazo milioni 75. Kwa wastani, Ahr hupitisha pale takriban mita za ujazo 7 kwa sekunde. Kwa mwendo huo, maji hayo yangehitaji miezi minne kupita. Si yote yanayofika mtoni, lakini ardhi ilikuwa imeshiba mvua za wiki zilizotangulia, na miteremko ya sleti yenye udongo mwembamba haina pa kuyaweka. Sehemu kubwa ilishuka ndani ya usiku mmoja.

Rekodi ya kituo cha kupimia kimo cha maji cha Altenahr kabla ya hapo ilikuwa mita 3.71, ya mwaka 2016. Jioni ile kipimo kilituma namba ya mwisho saa 2:45 usiku: mita 5.75. Baada ya hapo kituo chenyewe kilichukuliwa na maji. Wataalamu waliosoma alama zilizobaki kwenye kuta wanakadiria kilele kilifika karibu mita 10.

Halafu kuna madaraja. Maji peke yake hayatoshi kueleza urefu ule. Mto ulibeba miti mizima, magari, matangi ya mafuta ya kupashia nyumba joto, na trela za kupigia kambi zilizokuwa zimeegeshwa kandokando ya maji. Daraja la kale lenye nguzo nyingi na matao madogo linazichuja takataka hizo kama kichujio cha chai. Likiziba, linakuwa bwawa: maji yanapanda nyuma yake na kuingia nyumba za juu yake, likivunjika, wimbi linaangukia kijiji cha chini. Hayo yalirudiwa kijiji baada ya kijiji. Madaraja zaidi ya 60 yalivunjika au kuharibika vibaya. Daraja la Nepomuk la Rech, la karne ya 18, ambalo lilikuwa limehimili mafuriko ya 1910, lilipoteza sehemu yake, na matao yaliyosalia yakabomolewa baadaye ili mto upate nafasi. Inauma, lakini naona ulikuwa uamuzi sahihi.

Kinachonigusa zaidi ni saa. Schuld palikuwa pamefurika jioni. Sinzig, karibu na mlango wa mto, paliathirika kuanzia kama saa nane usiku. Katikati kulikuwa na saa kadhaa, na bado watu 12 wenye ulemavu walifia kwenye nyumba yao ya malezi Sinzig. Taarifa za juu ya bonde hazikugeuka kuwa amri ya kuhama chini ya bonde.

Wala haikuwa mara ya kwanza. Tarehe 21 Julai 1804 Ahr uliua watu 63 na kubomoa karibu kila daraja. Juni 1910 uliua zaidi ya 50, wengi wao wafanyakazi waliokuwa wakijenga reli ya sehemu ya juu. Baada ya 1910 ilichorwa mipango ya mabwawa ya kuzuia maji kwenye vijito, kisha ikaachwa. Na ramani za hatari? Zilitegemea vipimo vya kituo cha Altenahr, vinavyoanzia miaka ya 1940. Kwa hesabu hiyo, mafuriko ya "mara moja kwa miaka 100" yalikadiriwa kuwa mita za ujazo 241 kwa sekunde. Ya 2021 yanakadiriwa kuwa mara tatu hadi nne ya hapo. Miaka 70 na kitu ya vipimo haiwezi kukuambia lolote la kuaminika kuhusu karne, hasa pale ambapo mafuriko mawili makubwa ya zamani, ya 1804 na 1910, yaliachwa nje ya hesabu kwa sababu hayakupimwa kwa chombo. Alama zilikuwepo kwenye kuta za nyumba na kwenye hifadhi za kumbukumbu, zingeweza kutumika.

Maji hufuata mkondo, na mkondo wa Ahr ni bonde zima, si ule mfereji unaouona siku za kawaida. Ujenzi mpya umeelewa sehemu ya hilo. Madaraja mapya yana nguzo chache na matundu mapana, na eneo la mafuriko limechorwa upya. Lakini nyumba zilizokatazwa kabisa kurudi mahali pake ni chache sana, na hapo naona hofu ya kuwaudhi watu imeshinda tahadhari. Wakulima wa mvinyo waliuza chupa zilizofukuliwa kwenye matope bila kuzisafisha, wakaziita Flutwein, yaani mvinyo wa mafuriko, na kampeni hiyo ilikusanya zaidi ya euro milioni 4. Reli ya bondeni ilirudi hatua kwa hatua: Novemba 2021 treni zilianza tena kati ya Remagen na Ahrweiler, na sehemu ya juu hadi Ahrbrück ikachukua miaka zaidi, maana ilijengwa upya pamoja na nguzo za umeme. Njia ya baiskeli nayo ina vipande vinavyohamishwa wakati ujenzi ukiendelea. Fuata vibao vya njano vya mchepuko hata kama ramani ya simu inabisha.

Ukilala bondeni, fanya mambo machache. Jua jina la kituo cha kupimia kilicho juu yako: Müsch, Altenahr au Bad Bodendorf. Usichanganye namba ya kipimo na kina cha mto. Sifuri ya kipimo si sakafu ya mto, kwa hiyo kinachokuhusu ni kasi ya kupanda. Altenahr siku za kawaida ipo chini ya mita 1. Usizime tahadhari za dharura kwenye simu. Tangu Februari 2023 Ujerumani inazituma moja kwa moja kwa simu zilizo eneo la hatari, bila kuhitaji programu, ingawa baadhi ya simu za zamani hazizipokei. Maji yakipanda, panda mlimani kwa miguu. Usishuke chumba cha chini ya nyumba kuokoa vitu, na usiende kutoa gari: mlango wa chumba cha chini ukishasukumwa na maji ya kufika magotini tu, kuufungua kutoka ndani ni kazi ngumu mno.

Mwisho wa mto uko Kripp. Tofauti na vijito vingi vinavyoingia Rhine kwa mfereji wa mawe, Ahr hapa umeachwa ujichimbie njia wenyewe. Kokoto zinasogea, visiwa vya changarawe vinaota na kupotea, mierebi inaangukia majini na inaachwa hapo hapo. Mengi ya kokoto hizo ni sleti. Okota moja: ni bapa, kingo zimelainishwa, na ukiilowesha inarudia weusi ule ule wa kuta za Mayschoß.